Shauri Limekwisha: Mabomu Sita ya Makaburu

Jumapili ya tarehe 11 Februari 1990, Nelson Mandela alitoka kwa miguu katika gereza la Victor Verster, mkono mmoja kaushika wa Winnie, mwingine kaukunja ngumi hewani. Kamera za dunia nzima zilikuwa zikimsubiri. Siku kumi na tano baadaye, Rais F. W. de Klerk alitoa amri nyingine iliyoandikwa kwa maneno machache na ambayo haikupigwa picha na mtu yeyote: mradi wa silaha za nyuklia wa Afrika Kusini ufungwe, mabomu yafumuliwe, na urani iliyomo iyeyushwe.

Mabomu yenyewe yalikuwa sita, yamekamilika, na la saba lilikuwa linaundwa. Kila moja lilikuwa na urefu wa mita 1.8 hivi, kipenyo cha sentimita 65 na uzito wa karibu tani moja. Yalihifadhiwa nusu nusu katika vyumba vya chuma nje kidogo ya Pretoria, sehemu ya mbele huku na ya nyuma kule, ili asipatikane mtu wa kuyaunganisha peke yake. Wananchi wa nchi hiyo, weusi kwa weupe, hawakuambiwa lolote kwa miaka mitatu zaidi.

Siri hiyo ilikuwa na makao yenye jina la kuchekesha kidogo. Magharibi mwa Pretoria kuna mahali paitwapo Pelindaba. Mwandishi Gustav Preller, aliyeishi hapo hadi kufa kwake mwaka 1943, ndiye aliyepaita jina hilo kutoka Kizulu: indaba ni jambo, shauri, mazungumzo; na phelile ni kusema limekwisha. Shauri limekwisha. Mtambo wa pili ulipojengwa jirani, wakuu wa mradi waliendeleza mchezo wa maneno wakauita Valindaba, yaani lifunge shauri, tusilizungumze. Serikali nyingi huficha siri zao. Hii iliipa ya kwake jina la mahali na kuichora kwenye ramani.

Mwanzo wa yote ulikuwa dhahabu. Urani iliyoteketeza Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, huko Katanga, ambako vibarua wa kampuni ya Union Minière walizungumza Kiswahili na hawakujua mzigo wao unakwenda wapi. Vita vilipokwisha, Marekani na Uingereza zilitafuta chimbuko jingine na macho yakaangukia Witwatersrand. Mwamba wa dhahabu wa Johannesburg una urani ndani yake, na kwa miongo mingi ilikuwa ikitupwa pamoja na mchanga wa taka katika yale mavilima ya rangi ya manjano yanayouzunguka mji. Mwaka 1952 mgodi wa West Rand Consolidated ulifungua kiwanda cha kwanza cha kuikamua. Kwa hiyo Makaburu, kama walivyoitwa kwa kawaida katika redio na magazeti ya Afrika Mashariki, walijikuta wauzaji wakubwa wa bidhaa ambayo wao wenyewe hawakuwa na matumizi nayo.

Matumizi yalikuja kwa msaada wa rafiki. Chini ya mpango wa Rais Eisenhower wa kueneza nyuklia kwa ajili ya amani, Marekani iliiuzia Pretoria kinu cha utafiti, ikaipa na mafuta ya kukiendesha, na ikawasomesha wanasayansi wake. Kinu kiliwashwa Pelindaba mwezi Machi 1965. Jina lake liliundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, zikapangwa zikatoa neno ambalo kila msomaji wa makala haya analijua tangu utotoni: SAFARI-1. Neno la wapagazi wa Bagamoyo na Tabora likabandikwa kwenye kinu cha serikali ambayo isingemruhusu mjukuu wa mpagazi huyo kupanga nyumba Pretoria mjini.

Kinu hakitengenezi bomu peke yake. Urani inayochimbwa ardhini ina chini ya asilimia moja ya aina ile inayolipuka, na kazi nzito, ya gharama na ya miaka, ni kuiongeza sehemu hiyo hadi ifike asilimia 80 au 90. Mwezi Julai 1970, Waziri Mkuu John Vorster alisimama bungeni akatangaza kwamba wanasayansi wake wamebuni njia yao wenyewe ya kurutubisha urani. Njia hiyo ilihusu kuipuliza urani ikiwa gesi, imechanganywa na haidrojeni, kupitia vijitundu vyembamba kwa kasi kubwa ili izunguke kama kimbunga. Chembe nzito husukumwa pembeni, nyepesi hubaki katikati. Ilifanya kazi. Ilikula pia umeme wa kutisha, na kwa sababu hiyo hakuna nchi nyingine iliyoitamani sana. Mtambo wa majaribio, uliopewa herufi tu, Y, ulianza kujengwa Valindaba mwaka uliofuata.

Mwaka huohuo wa 1971 Waziri wa Madini, Carel de Wet, aliruhusu uchunguzi wa kile kilichoitwa milipuko ya amani. Leo maneno hayo yanasikika kama mzaha, lakini zama zile Wamarekani na Warusi walikuwa wakijaribu kweli kuchimba mabwawa na kupasua miamba kwa nyuklia. Mzaha ulikwisha mwaka 1974. Aprili wanajeshi waliipindua serikali ya Lisbon, na ikawa wazi kwamba Angola na Msumbiji, ngao mbili za Pretoria upande wa kaskazini, zinaondoka. Mei, India ililipua kifaa chake cha kwanza, nacho ikakiita cha amani. Vorster aliidhinisha uundaji wa silaha chache, na eneo la kuzijaribia.

Eneo lilipatikana jangwani Kalahari, kaskazini mwa Upington, katika uwanja wa jeshi ulioitwa Vastrap. Mashimo mawili yalichimbwa, moja likizidi kina cha mita 380 na jingine mita 200 na ushei. Agosti 1977 kila kitu kilikuwa tayari kwa zoezi la kwanza. Satelaiti ya Kisovieti ilipita juu, ikapiga picha, na Moscow ikafanya jambo ambalo katika vita baridi lilikuwa la ajabu: ilimpigia mbiu adui yake. Kiongozi wa Kisovieti Brezhnev alimwandikia Rais Carter wa Marekani. Wamarekani walielekeza huko satelaiti zao, wakayaona mashimo, wakapaza sauti. Ufaransa, iliyokuwa imetia saini mwaka uliotangulia mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town, nayo ilitishia. Tarehe 23 Agosti Carter aliwaambia waandishi kwamba Pretoria imeahidi kutofanya jaribio lolote. Mitambo ikafungashwa, mashimo yakazibwa midomo.

Kichekesho ni kwamba shimoni hapangeingia bomu. Mtambo wa Y ulikuwa haujatoa urani ya kutosha hata ya kujaza kikombe; ile ya kwanza iliyorutubishwa sana ilitolewa Januari 1978. Lililopangwa Vastrap lilikuwa zoezi kavu, la kupima waya na vyombo, na kifaa kisicho na urani ya kulipuka. Mataifa makubwa mawili yalikuwa yameruka kitandani usiku kwa sababu ya bomu tupu.

Mtu wa Pretoria aliyekuwa akifuatilia hayo kwa makini hakuhitaji kuelezwa somo lake. P. W. Botha, waziri wa ulinzi wakati huo na waziri mkuu kuanzia Septemba 1978, aliukubali mkakati wa hatua tatu. Ya kwanza: kaa kimya, usikiri wala usikane. Ya pili: mambo yakiwa magumu, mnong'oneze Mmarekani kwamba silaha ipo. Ya tatu: asiposikia, lipua moja chini ya ardhi au litangaze waziwazi, ili aingie vitani upande wako kabla hujalazimika kwenda mbali zaidi. Hakuna hatua ya nne katika mkakati huo. Waldo Stumpf, aliyeongoza shirika la nyuklia la nchi hiyo wakati wa kuvunja mradi, alisisitiza baadaye kwamba hakukuwa kamwe na mpango wa kulidondosha bomu juu ya mtu.

Ni dai linalofaa kupokewa kwa tahadhari, maana lilitoka kwa watu waliokuwa na sababu ya kujisafisha. Lakini ukiitazama ramani, linashikika. Bomu moja la aina ile lingepiga nini? Kambi za wapigania uhuru zilikuwa zimetawanyika, na jeshi la Makaburu lilikuwa likizifikia kwa silaha za kawaida kila lilipotaka. Liliishambulia Cassinga, kusini mwa Angola, Mei 1978, na kuua zaidi ya watu 600. Likaingia Matola mwaka 1981, Maseru mwaka 1982, Gaborone mwaka 1985, kisha Gaborone tena pamoja na Harare na Lusaka kwa siku moja ya Mei 1986. Kwa majirani hawa Pretoria haikuhitaji nyuklia. Msikilizaji aliyekusudiwa aliishi Washington.

Ila silaha, hata ikiwa ya kuonyeshwa tu, ina mafundi wake, na mafundi hawaridhiki na kitu cha maonyesho. Hapo ndipo historia ya mabomu haya inapokuwa na utamu wa pekee, kwa sababu unaweza kuona mradi ukikua kuliko haja yake.

Wanasayansi wa Pelindaba waliunda kifaa cha kwanza, wakakipa jina la Melba, kizito na kisichoweza kubebwa na ndege kwa namna ya maana. Kilitosha kabisa kwa hatua ya tatu ya mkakati, yaani kulipuliwa shimoni. Lakini mwaka 1979 kazi ilihamishiwa Armscor, kampuni ya serikali ya silaha, ambayo ilizoea kutengeneza vitu vya kupelekwa vitani. Armscor ilijenga kiwanda kipya ndani ya uwanja wa kujaribia magari, kilomita chache kutoka Pelindaba. Kiliitwa Circle. Botha mwenyewe alikwenda kukifungua Mei 1981. Waliajiriwa pale watu mia hivi, na mwisho wa muongo walikaribia 300. Sharti mojawapo lilikuwa uwe umezaliwa Afrika Kusini na usiwe na uraia mwingine.

Walichochagua kilikuwa mtindo wa kale kabisa, ule wa bunduki, uliotumika Hiroshima. Ndani ya mtutu mzito kipande kimoja cha urani hufyatuliwa kwa baruti na kujibamiza kwenye kipande kingine; vikikutana, uzito unazidi kiwango na mlipuko unatokea. Unakula urani nyingi, kilo 55 hivi kwa bomu moja. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kuuamini bila kuulipua kwanza, na baada ya Vastrap hilo lilikuwa jambo la kwanza kuzingatiwa. Nguvu iliyokadiriwa ilikuwa kati ya kilotani 10 na 18, sawa na ile ya Hiroshima.

Aprili 1982 Circle ilitoa bomu lililoitwa Hobo, baadaye Cabot. Kisha ikapita miaka mitano bila bomu jingine kukamilika. Haikuwa uvivu. Mafundi walikuwa wakijiuliza maswali ambayo bomu la kuonyeshwa lisingewahangaisha: ndege ikianguka uwanjani ikiwa na mzigo? Moto ukizuka ghalani? Mtutu ukijifyatua wakati wa kuunganisha? Mwaka 1987 ndipo lilipotoka bomu la kwanza lililothibitishwa kubebwa na ndege, na mengine yakafuata moja baada ya jingine hadi 1989.

Mbebaji alikuwa ndege aina ya Buccaneer. Uingereza ilikuwa imeiuzia Pretoria kumi na sita miaka ya 1960, moja ikaanguka baharini njiani hata kabla ya kufika, kisha serikali ya Harold Wilson ikakataa kuongeza. Ndege hizohizo zilishiriki Cassinga. Sasa ziliandaliwa kubeba bomu lenye mabawa na kamera ya televisheni puani, ambalo rubani analiachia akiwa mbali na linaelea lenyewe makumi ya kilomita hadi shabaha, yeye akigeuza kurudi nyumbani. Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, vilivyokuwa vya lazima tangu Novemba 1977, viliziacha bila ndugu wa kuzirithi. Kila iliyoanguka haikurudishiwa nafasi.

Ndege zikizeeka, fundi hufikiria kombora. Kwa ushirikiano na Israel, nchi nyingine iliyokaa kimya kuhusu nyuklia yake, Afrika Kusini ilitengeneza roketi kubwa ambayo hadharani ilikuwa ya kupeleka satelaiti angani. Mapema Julai 1989 ilirushwa kutoka Overberg, ncha ya kusini ya bara, na wapelelezi wa Marekani walitambua mara moja kwamba inafanana na makombora ya Kiisraeli. Wiki hiyohiyo, mjini Cape Town, P. W. Botha alimkaribisha mfungwa Mandela kunywa chai ofisini kwake. Upande mmoja wa serikali ulikuwa unamimina chai, mwingine unawasha roketi. Jirani na Circle kulikuwa kunakamilishwa pia maabara mapya, Advena, makubwa kuliko yaliyohitajika kwa mabomu saba, yenye nafasi ya kubuni vichwa vya makombora.

Saba ndiyo idadi aliyokuwa ameiweka Botha mwenyewe katika kikao cha Septemba 1985. Katika kikao hicho alisimamisha kazi za plutoniamu na kuuacha mtindo wa pili wa bomu, mgumu zaidi, ubaki kwenye karatasi. Mwanasiasa alikuwa ameona kwamba akiba imetosha. Utafiti wa malighafi za kuongeza nguvu uliruhusiwa kuendelea, na tayari ghalani ilikuwapo shehena ya ajabu: gramu 30 za tritiamu kutoka Israel, zilizoletwa kidogokidogo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la siri la majani ya chai, kama ilivyokuja kujulikana kupitia kesi iliyosikilizwa faraghani. Hazikuingia katika bomu lolote. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka kumi na miwili hivi, kwa hiyo majani hayo yalichacha yakiwa kwenye kopo.

Na mmweko wa 1979? Tarehe 22 Septemba mwaka huo satelaiti ya Marekani aina ya Vela iliona mwanga wa mara mbili, kama ule wa bomu, juu ya bahari ya mbali kusini mwa Afrika. Jopo la Ikulu ya Carter lilisema huenda si nyuklia. Wanasayansi wengi hawakulikubali jibu hilo, na vidole vikaelekezwa Israel na Afrika Kusini. De Klerk alikana baadaye kwamba nchi yake ilijaribu bomu popote. Urani iliyokuwapo Valindaba wakati huo ilikuwa kidogo mno kuichezea, tena Agosti mwaka huo mtambo wa Y ulipata hitilafu kubwa na kusimama kwa muda mrefu.

Wapinzani hawakulala. ANC, iliyokuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi Morogoro, ilitoa mwaka 1975 nyaraka kuhusu ushirikiano wa nyuklia kati ya Ujerumani Magharibi na Pretoria. Abdul Minty, Msauzi aliyekuwa uhamishoni, aliongoza kutoka Oslo kampeni ya dunia dhidi ya ushirikiano wa kijeshi na wa nyuklia na utawala huo. Tarehe 18 Desemba 1982 mabomu manne yalilipuka Koeberg, kabla mafuta ya nyuklia hayajaingizwa kinuni. Aliyeyatega alikuwa Rodney Wilkinson, mzungu aliyekuwa akifanya kazi humohumo. Kituo kilicheleweshwa kwa zaidi ya mwaka.

Mwisho ulitokea Angola. Mapigano ya Cuito Cuanavale ya 1987 na 1988 yaliwaleta Wakuba, waliokuwa wakiisaidia serikali ya Angola, karibu na mpaka wa Namibia, na ndiyo mara pekee Pretoria ilipoonekana kusogea zaidi ya hatua ya kwanza: banda kubwa lilijengwa juu ya shimo mojawapo la Vastrap na maji yakanyonywa. Halikuendelea zaidi. Desemba 1988 mkataba ulitiwa saini New York. Wakuba waondoke, Namibia iwe huru. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba iliyofuata. Adui aliyehalalisha mabomu alikuwa amefungasha.

Mtambo wa Y ulizimwa tarehe 1 Februari 1990, siku moja kabla de Klerk hajaviondolea marufuku vyama vya ukombozi. Mabomu yalianza kufumuliwa Julai, moja moja, chini ya jicho la Profesa Wynand Mouton, mwanafizikia mstaafu aliyeteuliwa kuwa mkaguzi huru. Urani ikayeyushwa na kurudishwa Pelindaba. Tarehe 10 Julai 1991 nchi iliingia katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia kana kwamba haijawahi kuwa nazo. Michoro na kumbukumbu ziliharibiwa, na tarehe 24 Machi 1993 ndipo de Klerk alipoliambia bunge ukweli. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipekua madaftari ya kila siku ya mtambo wa Y, wakapiga hesabu za urani kilo kwa kilo, na Julai mwaka huo wakasimama Kalahari wakitazama mashimo ya Vastrap yakifukiwa.

Kwa nini? De Klerk alisema tishio la Wasovieti limekwisha na silaha imekuwa mzigo. Katika safu za ANC wengi waliona sababu nyingine: Makaburu hawakutaka kumkabidhi Mwafrika bomu. Maelezo haya mawili hayagombani, na tarehe zenyewe zinayaweka pamoja. Chama tawala kilikuwa kikijiandaa kuachia madaraka, na kila kitu ambacho mrithi hakutakiwa kukikuta kilikuwa kikiondolewa ndani ya nyumba.

Mrithi naye hakukitaka. Nchi za Afrika zilikuwa zikidai bara lisilo na nyuklia tangu kikao cha wakuu wao Cairo mwaka 1964, Ufaransa ilipokuwa ikifanya majaribio Sahara. Aprili 1996, Salim Ahmed Salim wa Tanzania akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), mkataba wa kuitimiza ndoto hiyo ulifunguliwa kwa saini, Cairo tena. Jina lake ni Mkataba wa Pelindaba. Ulihitaji nchi 28 kuuridhia. Ya ishirini na nane ilikuwa Burundi, tarehe 15 Julai 2009, na siku hiyohiyo ukaanza kufanya kazi.

Urani ya mabomu haikuteketezwa. Sehemu yake kubwa bado imehifadhiwa Pelindaba, na Washington, kwa nyakati tofauti, imeiomba Pretoria iiachie au iibadilishe, lakini Pretoria imekataa. Usiku mmoja wa Novemba 2007 watu wenye silaha walikata uzio wa umeme wa Pelindaba, wakaingia hadi chumba cha udhibiti wa dharura, wakampiga risasi mfanyakazi mmoja, kisha wakatoweka bila kuifikia urani hiyo. Kinu cha SAFARI-1, kilichowashwa mwaka 1965, nacho kiliendelea na kazi, sasa kwa mafuta dhaifu yasiyofaa bomu. Kinatengeneza molibdeni ya mnururisho, malighafi ya dawa ambayo hudumu siku chache tu, kwa hiyo hupakiwa haraka kwenye makasha ya risasi na kukimbizwa uwanja wa ndege ili iwahi hospitalini, wagonjwa wa moyo na wa saratani wapigwe picha kabla haijaisha nguvu.